Video nimetazama zote, daftari limejaa, lakini baada ya wiki mbili sikumbuki kitu. Nisome vipi masomo ya mtandaoni?

KaraniUmoja

Hamjambo wanajukwaa. Nasoma uhasibu kwa masafa, na kila kitu kiko mtandaoni: masomo manne, kila moja lina video mbili kwa wiki za dakika 50 hivi, PDF, na maswali mafupi kwenye Moodle, mfumo wa masomo wa chuo. CAT (majaribio ya muhula) zinabeba alama 30, mtihani wa mwisho 70, na umebaki wiki kumi. Kazi ni Industrial Area, nyumbani Umoja, hapa Nairobi. Siku za kazi napata dakika 90 usiku, Jumamosi nusu siku. Nina simu ya Android na laptopu ya zamani, na intaneti ni bando za simu.

Mtindo wangu ni kutazama video, kusimamisha, na kuandika karibu kila neno la mhadhiri. Video moja inakula zaidi ya saa mbili. Baada ya wiki mbili nikifungua daftari ni kama limeandikwa na mtu mwingine.

Pia kuna jaribio moja mtandaoni lililonipa jibu kwamba mimi ni "mwanafunzi wa kusikia", kwa hivyo niache kusoma nisikilize tu. Lina ukweli? Kadi za maswali zinafaa uhasibu ama ni za kujifunzia lugha? Na bando nilipunguze vipi?

MkufunziJioni

Jaribio hilo liweke kando. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu walipitia tafiti za "mitindo ya kujifunza" na hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba mtu akifundishwa kwa mtindo anaoupenda huelewa zaidi. Kupenda kusikiliza si kosa. Ila kinachochagua njia ni somo lenyewe, na mizania haisikilizwi, inaandikwa.

Ugonjwa wako uko kwenye kunakili. Mkono unafanya kazi saa mbili nzima, kichwa hakijaulizwa hata swali moja. Darasani kuna mwalimu wa kukugeukia ghafla na kusema "wewe wa nyuma, tuambie". Kwenye video hayupo, kwa hivyo hilo swali lazima ulitengeneze mwenyewe na ulijibu daftari likiwa limefungwa.

Kuna jaribio la Roediger na Karpicke la mwaka 2006 linaloonyesha kwa nini watu hudanganyika hapa. Wanafunzi walisoma vifungu vya habari. Kifungu kimoja walirudia kukisoma, kwa kingine walifunga karatasi na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5, kurudia kusoma kuliongoza, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: kujijaribu kulileta 56, kurudia kusoma 42. Yaani usiku ule ule wa kusoma, njia mbaya ndiyo inayokupa raha na kukuaminisha kwamba umeshika.

Sasa video moja uifanye hivi. Kabla ya kuifungua, tumia dakika 5 kujaribu maswali ya mwisho wa mada hiyo kwenye PDF, hata kama hujui kitu. Utakosea, sawa, lakini utajua unatafuta nini. Kisha weka mwendo wa 1.5, dakika 50 zinakuwa kama 33. Mhadhiri mwenye lafudhi ngumu ama anayekokotoa ubaoni mpe 1.25. Usisimamishe kila sentensi. Simamisha kila baada ya dakika 8 hadi 10, funika skrini, andika mistari mitatu au minne ya ulichokishika kwa maneno yako. Pale tu ulipokwama ndipo unarudisha nyuma.

Ukurasa wenyewe upige mstari wa wima kama sentimita 6 kutoka kushoto, na mwingine wa mlalo sentimita 5 kutoka chini. Upande mpana wa kulia ni notisi. Kushoto huandiki chochote wakati wa video. Unarudi kesho yake na kuandika swali mkabala na kila notisi. Chini kabisa ni muhtasari wa sentensi mbili. Ni mpangilio wa Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell, na wengi huuharibu kwa kujaza kushoto "vichwa vya habari" badala ya maswali. Kichwa kama "Uchakavu" (mali kupungua thamani kadiri inavyotumika) hakikuulizi kitu. "Kwa nini ardhi haichakazwi?" inakuuliza. Ukirudia unafunika kulia kwa karatasi, unajibu kwa sauti ama kwa kalamu, halafu ndipo unafunua.

Kosa la kawaida hapo ni kufunua mapema. Jibu likionekana, kila mtu husema "aa, hilo nalijua". Kulitambua si kulikumbuka. Jipe angalau sekunde 15 za kuhangaika.

Kuhusu lini urudie: Cepeda na wenzake, 2008, waliwapa watu mambo ya kujifunza, wakawarudishia mara moja baada ya pengo fulani, kisha wakawapima. Mtihani ukiwa siku 35 mbele, pengo lililofanya vizuri zaidi lilikuwa kama siku 11. Ukiwa siku 70 mbele, kama siku 21. Hiyo ni kwa rudio moja tu. Wewe utarudia zaidi, kwa hivyo anza karibu na upanue: kesho yake, kisha siku ya 7, kisha karibu na siku ya 25. Rudio la dakika 10 linatosha kwa mada moja. Ukiona kila jibu linakuja bila jasho, umerudi mapema mno.

HesabuKwanza

Nakubaliana na Mkufunzi kwa nadharia, lakini uhasibu haupiti kwa kukumbuka maelezo. Unapita kwa kukokotoa, na hapo wanafunzi wa masafa huanguka kwa sababu moja: wanatazama mhadhiri akikokotoa, wanaelewa kila hatua, wanaamini wanaweza. Kila mfano anaoufanya kwenye video, simamisha *kabla* hajaanza, ufanye wewe, kisha endelea. Hapa kusimamisha video kuna faida.

Chukua uchakavu wa gari la shilingi 1,600,000, thamani ya mabaki 200,000, miaka 5. Kwa mstari mnyoofu unatoa mabaki kwanza: 1,400,000 kwa 5 ni 280,000 kila mwaka. Kwa salio linalopungua, kiwango asilimia 25 ya thamani iliyobaki, *hutoi* mabaki: mwaka wa kwanza 400,000, wa pili 300,000, wa tatu 225,000. Mtu aliyefanya mstari mnyoofu peke yake jioni nzima, akihamia njia ya pili atatoa mabaki kwa mazoea na kupata 350,000. Halafu mtihani ukisema gari lilinunuliwa tarehe 1 Aprili na mwaka unafungwa 31 Desemba, uchakavu ukihesabiwa kwa miezi, 280,000 inakuwa 210,000. Anayekariri anaiona tarehe kama pambo.

Dawa ni kuchanganya. Usifanye maswali kumi ya uchakavu mfululizo, maana baada ya la pili hufikirii tena, unafuata nyayo. Ukishafanya mawili ya kila aina, kaa na maswali sita ya mada tatu tofauti yaliyovurugwa, bila kichwa cha habari juu yake. Utapata alama chache kuliko ulivyozoea, na itakuudhi. Endelea tu. Mtihani haukuandikii juu ya swali kwamba hili ni la mada ya nne.

Na uwe na daftari dogo la makosa, safu nne: tarehe, swali, nilichofanya, *kwa nini*. Safu ya nne ndiyo yenye kazi. "Uzembe" si sababu, nalikataa hilo neno kabisa. Andika "nilitoa mabaki kwenye salio linalopungua", ama "nilisoma Aprili hadi Desemba kuwa miezi 8". Kila Jumamosi fanya upya maswali matatu kutoka humo kabla ya kugusa kitu kipya. Kosa linatoka daftarini ukilipata sawa mara mbili kwa siku tofauti.

Kuhusu saa: karatasi ya saa tatu yenye alama 100 inakupa dakika 1.8 kwa alama. Swali la alama 20 ni dakika 36, la alama 5 ni dakika 9. Kuanzia wiki ya sita weka saa ya simu na ukome ikilia, hata kama mizania haijakaa sawa. Anayefukuzia tofauti ya shilingi 300 kwa dakika 20 anaacha swali zima la mwisho tupu.

FundiBando

Upande wa bando nitakuwa mfupi. Hesabu ni kilobiti kwa sekunde, mara sekunde, gawa kwa 8 upate kilobaiti, kisha kwa 1,000 upate megabaiti. Video ya dakika 50 ni sekunde 3,000. Kwa kilobiti 1,500 inakula kama megabaiti 560. Kwa kilobiti 400, megabaiti 150. Sauti peke yake kwa kilobiti 32, megabaiti 12. Video nane kwa wiki ni tofauti ya giga 4.5 na giga 1.2. Slaidi zenye maandishi makubwa husomeka vizuri tu kwenye ubora wa chini. Panapokuwa na leja ndogo ndogo, fungua PDF kando badala ya kupandisha ubora wa video.

Kinachomaliza bando hasa ni kutazama moja kwa moja halafu kurudisha nyuma, maana kipande kile kile kinaweza kuvutwa upya. Kama chuo kinaruhusu kupakua, pakua mara moja, tazama kwa programu ya VLC. Ukitaka sauti ya kurudia njiani, kwenye laptopu yenye programu ya ffmpeg andika amri hii:

ffmpeg -i mhadhara.mp4 -vn -ac 1 -b:a 32k mhadhara.mp3

Programu ya Moodle ya simu pia inakuruhusu kupakua kozi na kusoma bila mtandao. Maswali mafupi yanaweza kufanywa nje ya mtandao ikiwa mhadhiri ameruhusu, lakini si yale yenye kikomo cha muda, wala yale yanayokupa jibu papo hapo. Ukishajibu nje ya mtandao lazima uunganishe simu ili majibu yapande. Wengi hufunga programu wakidhani wameshatuma, na siku ya mwisho inapita majibu yakiwa bado ndani ya simu.

Stima nayo: CAT yenye muda usiifanye kwenye laptopu ambayo betri yake imekufa. Tumia simu iliyojaa chaji, na laini ya pili ya kampuni tofauti ikiwa tayari imewekwa bando kidogo.

KaraniUmoja

Asanteni sana. Maswali mawili: kadi nitengeneze ngapi, na kwa simu ama kwa karatasi? Halafu nikihesabu, video nane kwa wiki pamoja na haya yote sioni muda ukitosha.

MamaKadi

Kadi zinafaa uhasibu, ila si kwa kukokotoa kurefu. Hapo HesabuKwanza ana haki. Zinafaa kwa maamuzi mafupi: debiti wapi, krediti wapi, inaingia taarifa gani, kanuni ni ipi. Kadi mbovu ni "Eleza madeni mabaya", maana jibu lake ni aya nzima na hutajua kama umepata ama umekosa. Kadi nzuri ni hii: "Mdaiwa wa shilingi 12,000 amefilisika, hakukuwa na akiba iliyotengwa. Maingizo?" Nyuma: debiti gharama ya madeni mabaya, krediti akaunti ya mdaiwa, 12,000. Swali moja, jibu moja, sekunde zisizozidi kumi.

Kwa simu tumia AnkiDroid, programu ya kadi inayokupangia siku za kurudia, ni ya bure na inafanya kazi bila mtandao. Shida iko kwenye mpangilio inaokuja nao: kadi mpya 20 kwa siku. Kila kadi mpya ya siku huzaa marudio kama saba au nane ya kila siku ukishakolea, kwa hivyo 20 zinakupeleka kwenye marudio 150, dakika 25 kwa sekunde 10 kila moja. Kwa ratiba yako hiyo ni theluthi ya jioni. Shusha hadi kadi mpya 8. Utapata marudio kama 60, dakika 10. Kwa wiki nane ni kadi 448, kama 110 kwa kila somo, na hizo si haba. Wiki mbili za mwisho usiongeze mpya hata moja.

Vitufe ni vinne. Cha kwanza peke yake ndicho kinachomaanisha umesahau. Watu hujionea huruma wakabonyeza cha pili, programu inahesabu kwamba umekumbuka, kadi inasukumwa mbali zaidi na kosa linabaki pale pale. Kadi ukiisahau mara nane programu huitia alama, na kwa mipangilio mingine huisimamisha. Usiiache ilivyo. Ivunje iwe mbili, ama rudi kwenye mada, maana ulichokiandika hukukielewa.

Ukipenda karatasi, karatasi moja ya manila ya A4 ukiikata vipande vinane inatoa kadi za sentimita 7.4 kwa 10.5. Tenga sanduku la viatu vyumba vitano. Kadi mpya zote huanza chumba cha kwanza. Ukipata, inapanda chumba kimoja, ukikosa, inarudi cha kwanza hata kama ilikuwa cha tano. Cha kwanza unakipitia kila siku, cha pili kila siku ya pili, cha tatu kila siku ya nne, cha nne kila siku ya nane, cha tano kila siku ya kumi na sita. Mbinu hii aliieleza Sebastian Leitner mwaka 1972 na haihitaji chaji. Pia haina mnyakuzi: ndani ya matatu iliyokwama Jogoo Road, simu mkononi karibu na dirisha lililo wazi ni kuitafutia mwenyewe mpya. Kadi za manila hakuna anayezitaka.

Usichukue kadi alizotengeneza mtu mwingine kwa wingi. Nusu ya faida iko kwenye kuamua swali liwe lipi.

MkufunziJioni

Kuhusu muda, tupige hesabu vizuri. Una saa 7 na nusu za siku za kazi, na Jumamosi tuseme saa 4 na nusu: jumla 12. Video nane za dakika 33, pamoja na kusimama na kuandika, ni kama dakika 50 kila moja, karibu saa 6 na dakika 40. Kadi za dakika 10 weka kwenye matatu, usizihesabu. Zinabaki saa 5 na dakika 20 za maswali na marudio. Inabana lakini inawezekana.

Hata hivyo usitazame video zote. Jibu kwanza maswali ya mada. Ukipata saba kati ya kumi, bila kubahatisha, video hiyo iruke na usome kwenye PDF sehemu ulizokosa tu. Wengi huona vibaya kuruka, kana kwamba mhadhiri anaita majina. Anachosahihisha ni karatasi ya mtihani.

Jioni igawe sehemu mbili: dakika 50 za kitu kipya, kupumzika 10, dakika 30 za kitu cha *somo jingine* cha wiki iliyopita. Kusoma kipya kila usiku na kuachia marudio Jumamosi hakufanyi kazi, kwa sababu Jumamosi ndiyo siku ya mazishi, harusi na wageni. Jumamosi iachie maswali marefu ya saa kamili, na kama nyumbani kuna kelele, maktaba ya KNLS iko Buruburu hapo jirani. Usiku ukiwa umechoka kabisa usifungue video mpya. Fanya maswali mawili ya daftari la makosa ulale.

Jambo jingine ambalo masafa hunyima mtu ni kusahihishwa. Kwa maswali ya nadharia huwezi kujisahihisha vizuri, utajipa alama za huruma. Tafuta mwenzako mmoja wa kozi, mmoja tu, si kundi la watu 60 la WhatsApp. Kila Jumatano kila mtu atume picha ya jibu moja la alama 10 lililoandikwa kwa dakika 18, na Ijumaa arudishiwe alama na sababu tatu. Mkibishana alama, hapo ndipo mpeleke kwa mhadhiri. Na ukimwandikia mhadhiri usiseme "sijaelewa mada ya tano". Mtumie namba ya swali, picha ya kazi yako hadi mstari ulipokwama, jibu ulilolitarajia na ulilopata. Swali la namna hiyo hujibiwa kwa mistari miwili. Lile la kwanza huachwa hadi wiki ijayo kwa sababu linadai mhadhara mzima.

KaraniUmoja

Nimeshusha kadi hadi 8, na mwenzangu amekubali Jumatano. Mwisho kabisa: kazi moja ya muhula inasema mwisho ni 23:59, lakini kozi hiyo inaendeshwa kutoka Uingereza. Ni usiku wa manane wa kwetu ama wa kwao?

FundiBando

Fungua wasifu wako ndani ya Moodle, utafute saa za eneo. Ikiwa imewekwa ya seva, unaona saa ya kwao. Badilisha iwe Africa/Nairobi na tarehe zote zitajigeuza. Sisi tuko saa tatu mbele ya saa ya kimataifa mwaka mzima, wao huruka saa moja mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kwa hivyo 23:59 ya kwao ni saa 7:59 usiku wa kwetu majira yao ya joto, na saa 8:59 usiku majira ya baridi. Ukishabadilisha wasifu, ifungue tena kazi yenyewe uisome saa iliyoandikwa hapo, si ile ya kwenye PDF ya kozi. Halafu tuma kabla ya saa tatu usiku, wakati bado una laini ya pili na stima ipo.